AIBU HAIFUNDISHI KIINGEREZA

Kila mwaka shule za sekondari zifunguapo milango, watoto wetu wa Mpanda, Mlele na Tanganyika huvuka mto mpana kwa daraja fupi. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali. Mtoto ajifunza hesabu na sayansi kwa lugha aielewayo, kisha aingiapo Kidato cha Kwanza masomo karibu yote yageuka kuwa Kiingereza. Daraja lenyewe ni kozi ya wiki chache tu.

Yafaa tukumbuke ni watoto gani tunaowanena. Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ni nchi ya lugha nyingi. Wabende, Wapimbwe na Wakonongo wamo tangu kale. Wafipa ni jirani zao. Wasukuma wameingia na ng'ombe wao. Katika Katumba na Mishamo wamo ndugu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, na wengi wao sasa ni raia wenzetu. Mtoto wa huko huenda alianza na Kirundi jikoni kwa mama, akapata Kiswahili darasani, na leo Kiingereza ni lugha yake ya tatu. Mtoto huyu si mjinga hata kidogo. Amekwisha kuzishinda lugha mbili.

Lakini mtazameni darasani. Mwalimu auliza, naye jibu analijua, ila ulimi ni mzito. Akithubutu kusema na kukosea, wenziwe wamcheka. Siku ya pili hanyoshi mkono. Mwezi wa pili aanza utoro, na mzazi aambiwa kwamba mwanawe hana akili.

Sisi tuandikao haya tulisoma shule ya misheni. Huko palikuwa na kibao cha mti, akivishwa shingoni kila aliyenaswa akisema Kiswahili, wala hakukivua mpaka amnase mwenzake. Kiingereza tulikipata baadaye, lakini hatukukipata kwa kibao kile. Kibao kilitufundisha kuwapeleleza rafiki zetu na kunyamaza. Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya naye ameeleza desturi ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986.

Wako wasemao kwamba bila fimbo mtoto hasemi Kiingereza. Twawajibu kwanza kwa sheria. Kanuni za mwaka 2002 zaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa la nidhamu, navyo ni kwa mkono au idhini ya mkuu wa shule. Je, kukosea kitenzi ni kosa kubwa la nidhamu? Pili twawajibu kwa elimu. Mtaalamu wa Marekani, Stephen Krashen, alieleza katika miaka ya 1980 kwamba hofu na aibu ni kama chujio: lugha husikika masikioni isipenye moyoni. Mwenye kuogopa hajifunzi, hujificha.

Basi yatupasa kufanya nini? Kazi ya kwanza ni ya mwalimu. Na apige marufuku kicheko cha dharau, naye mwenyewe akikosea aseme wazi kwamba amekosea. Watoto wakae wawili wawili, wazungumze jambo kwanza kwa Kiswahili, kisha walitafute kwa Kiingereza pamoja, ndipo wasimame mbele ya wote. Maneno magumu ya somo yabandikwe ukutani katika lugha zote mbili. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wawe kaka na dada wa wageni. Na mtoto afundishwe kuitambua hofu yake, kuitawala, na kumhurumia mwenziwe aliyeshikwa nayo. Mambo haya hayahitaji fedha za kigeni. Yahitaji utu.

Hatusemi kazi ilegezwe. Kiingereza na kifundishwe kwa bidii, tena kwa walimu wanaokijua. Mwalimu Nyerere alikiita Kiswahili cha dunia; na huyo huyo ndiye aliyemfasiri Shakespeare kwa Kiswahili, mwaka 1963 na tena 1969. Hakuidharau lugha moja ili aipende nyingine.

Ndugu wanachama, nanyi wafanyakazi wa reli, wa migodi na wa mashamba, shule ni zenu. Ingieni katika bodi za shule. Ulizeni kama kibao cha aibu kingaliko, na kikiwako kiondolewe. Jioni, mtoto arudipo, msimwulize tu amepata alama ngapi. Mwulizeni leo amesema nini darasani.

Ujinga ni adui tuliyemtangazia vita tangu Uhuru. Hatutamshinda kwa kuwanyamazisha askari wetu wenyewe.