Je, Wajua? Nguruwe wa Mgeta, Viungo vya Kinole na Moshi wa Mwembe

Mjini Morogoro kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, huagizwa kwa kilo au nusu kilo, kavu au rosti, na pembeni ndizi, kachumbari na kipande cha limao. Ipo pia njia nyingine: kupaka nyama viungo vya kusaga nyumbani, kisha kuibanika kwa moshi katika moto mkali. Kwa njia hiyo mkoa huu umejaliwa karibu kila kinachotakiwa.

Je, wajua kwamba nguruwe na viungo vyake wanatoka pande mbili za mlima mmoja?
Pepo za Bahari ya Hindi hugonga Milima ya Uluguru upande wa mashariki na kumwaga mvua huko, mahali pengine zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka. Ndiyo maana Kinole, Tegetero, Tawa na Matombo wanalima pilipili manga, mdalasini, karafuu na iliki. Upande wa magharibi ni mkavu zaidi. Kule Mgeta watu wanalima kabichi, karoti, njegere na viazi kwenye matuta ya milimani. Mabaki ya mboga humlisha nguruwe bandani, na samadi yake hurudi shambani. Mizigo hiyo hushuka kwa barabara mbili tofauti na kukutana sokoni mjini.

Je, wajua kwamba pilipili manga nyeusi na nyeupe ni za mmea mmoja?
Mmea huo hutambaa juu ya miti mingine. Punje zikichumwa kabla hazijaiva na kuanikwa juani, ganda hujikunja na kuwa jeusi. Zikiachwa ziive, zikalowekwa na kumenywa, zinatoka nyeupe. Kwa nyama ya moshi chukua nyeusi, maana sehemu kubwa ya harufu imo gandani. Zisage siku ileile ya kupika, kwa sababu mafuta yanayobeba harufu hupotea hewani upesi.

Je, wajua kwamba chumvi huingia ndani ya nyama, lakini viungo hubaki nje?
Ukipaka nyama chumvi, kwanza hutoa maji. Maji hayo huyeyusha chumvi, kisha polepole hurudi nayo ndani. Harufu ya mdalasini, karafuu na pilipili haifiki mbali hivyo. Hukaa kwenye milimita chache za juu. Kwa hiyo anayelaza nyama usiku kucha anaipa chumvi muda wa kuingia. Viungo hata ukivipaka saa moja kabla ya moto vinatosha. Kipimo kizuri ni gramu 15 za chumvi kwa kila kilo ya nyama.

Je, wajua kwamba sukari ndiyo huharibu mapishi ya moto mkali?
Morogoro ni mkoa wa sukari, wenye viwanda vya Kilombero na Mtibwa, na kishawishi cha kuitia kwa wingi ni kikubwa. Lakini sukari huanza kugeuka rangi ikikaribia nyuzi 160 za sentigredi, na ikizidi hapo huungua na kuwa chungu. Jiko lenye nyuzi 150 liko mpakani kabisa. Wajuzi hupaka sukari au asali nusu saa ya mwisho tu.

Je, wajua kwamba ladha ya moshi inatoka kwenye kile kinachoupa mti ugumu?
Mbao ina lignini, kitu kinachoshikamanisha nyuzi zake. Inapoungua hutoa kemikali za jamii ya guaiakoli, na hizo ndizo pua inazozitambua kuwa ni moshi mtamu. Kuni kavu za mwembe au mpera zinafaa. Mkaratusi na msindano ziache: mafuta na utomvu wake huacha ukali mdomoni. Angalia na rangi pia. Moshi mzito mweupe ni dalili kwamba moto unakosa hewa, na nyama itakuwa chungu kwa masizi. Unaotakiwa ni mwembamba, wa bluu hafifu. Halafu weka nyama jikoni ikiwa bado ya baridi na unyevu, maana moshi hushika vizuri zaidi hapo.

Je, wajua kwamba nyama hufika mahali ikagoma kupata joto?
Bega la nguruwe likifikia nyuzi 65 hadi 75 kwa ndani, kipimo husimama, pengine kwa muda mrefu, ingawa moto haujapungua. Nyama inatoa jasho kama mwili wa mkulima juani: maji yanayokauka juu yake huondoka na joto. Moto mkali hufupisha mgomo huo, na kuifunga nyama kwa karatasi ya foili huumaliza. Ukivuka hapo, kolajeni iliyolifanya bega kuwa gumu huendelea kulainika na kuwa jelatini, na karibu na nyuzi 93 nyama huchambuka kwa vidole.

Je, wajua kwamba uwaridi chini ya ngozi si ubichi?
Gesi za moto huungana na rangi asilia ya nyama na kuizuia isigeuke kahawia. Pete ya waridi pembeni ni alama ya moshi. Uwaridi wa katikati ni habari nyingine: rudisha jikoni.

Je, wajua kwamba minyoo ya nguruwe hufika ubongoni kwa njia isiyodhaniwa?
Anayekula nyama isiyoiva yenye malengelenge ya tegu hupata mnyoo tumboni. Anayepata malengelenge ubongoni ni yule aliyemeza mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo, na huyo huenda hajawahi kuonja nguruwe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika maeneo mengi yaliyoathirika, asilimia 30 ya kifafa hutokana na hilo. Kinga ni choo, kunawa mikono, nguruwe wa bandani na nyama iliyoiva.

Je, wajua kwamba moshi peke yake hauui kirusi cha homa ya nguruwe?
Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu mara ya kwanza na R. Eustace Montgomery mwaka 1921, kutoka Kenya. Haimwambukizi binadamu, lakini humaliza banda zima, na kirusi chake huweza kuishi miezi ndani ya nyama iliyokaushwa bila kupikwa. Kinachokiua ni joto: nyuzi 70 kwa nusu saa. Mabaki ya kitimoto yasirudi kwa nguruwe.

Je, wajua kwamba nyama ya moshi si ya kila siku?
Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliziweka nyama zilizosindikwa, zikiwemo za moshi, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Kuzuia mafuta yasidondokee makaa hupunguza masizi yenye sumu.

Kwa kilo mbili za bega
Changanya chumvi gramu 30, pilipili manga kijiko kimoja cha chakula, tangawizi kavu kijiko cha chai, iliki punje sita, karafuu nne, mdalasini nusu kijiko cha chai na pilipili kichaa kwa kiasi unachokiweza. Kwenye jiko la pipa sogeza makaa upande mmoja, weka nyama upande wa pili, na funika. Kwa nyuzi 150 tenga muda wa saa tatu hivi, kisha ipumzishe dakika 20 kabla ya kukata. Asiyekula nguruwe atumie mchanganyiko huohuo kwa paja la mbuzi. Mbuzi ana mafuta machache, kwa hiyo alipake paja mafuta kwanza na kulifunga kwa foili mapema.