Mashua Zilizopita Unyamwezi Begani kwa Watu

Je, wajua kwamba vyombo vya matanga vimewahi kuvuka mbuga za Ugogo na misitu ya miombo ya Unyamwezi? Havikusukumwa na upepo. Vilibebwa, kipande kwa kipande, na watu waliotembea kwa miguu.

Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukitoka Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 800. Mji huo, ambao wasafiri wa zamani waliuita Kaze, ndio uliokuwa njia panda ya misafara: wa Bagamoyo na Saadani walifikia hapo, wa Ujiji, Karagwe na Buganda wakaachana hapo. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba yapata frasila mbili, kilo thelathini na kitu, na kila bidhaa ilifungwa kwa kipimo hicho. Kitambaa kilikunjwa kikatosha bega. Shanga zilitiwa mifukoni. Mashua haikunjiki, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walikuwa na mashua ya chuma iitwayo Louisa, iliyoundwa kwa vipande ili ibebeke. Wapagazi wa kuitosha hawakupatikana, ikaachwa pwani. Walifika Kaze Novemba 7, 1857, na mwanzoni mwa 1858 wakasimama Ujiji mbele ya ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670 bila chombo cha kulipimia. Speke akavuka kwa mtumbwi hadi kisiwa cha Kasenge kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim amkodishe jahazi lake. Akarudi mikono mitupu, na safari yao ya kwenda Uvira wakaifanya kwa mitumbwi.

Zingatia hilo: Mzungu alipofika akiwa hana hata mashua, jahazi lilikuwa limekwisha kuwako ziwani. Watu wa pwani walikuwa wameuhamishia ufundi wao huko. Mkuku, mataruma na mbao vilipatikana kwa miti ya huko huko, lakini tezo na keekee za fundi, pamoja na ujuzi wenyewe, vilikuja na misafara kwa njia ile ile ya Tabora. Hata nguo ya amerikani, ile pamba nyeupe ya viwanda vya Marekani iliyotumika kulipia hongo kwa watemi na posho ya wapagazi, ilifaa pia kushonwa tanga.

Faida ya tanga ilikuwa nini? Mtumbwi huenda kwa makasia na hujibanza ufukweni, kwa kuwa dhoruba ya Tanganyika huzuka ghafla. Tanga la jahazi huning'inia kwenye foromali iliyowekwa mshazari juu ya mlingoti, na nahodha anayejua kazi anaweza kupiga bisho, yaani kwenda upande upepo unakotoka kwa kukata huku na huku. Wakati wa kiangazi pepo za kusini huvuma kwa nguvu ziwani, kwa hiyo chombo kisichojua bisho hutegemea misuli ya wapiga makasia, au hungoja.

Msafiri mwingine wa Kiingereza, Verney Lovett Cameron, aliliona hilo. Alipita Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwaka 1873, na huko ndiko walikomkuta wafuasi wa mmishonari Livingstone waliokuwa wakiurudisha mwili wa bwana wao pwani. Alipofika Ujiji hakungoja chombo kutoka Uingereza. Alikodi viwili vya hapo hapo, akaviita Betsy na Pickle. Betsy ilikuwa na tanga la kipwani. Akiwa na Sidi Mubarak Bombay, yule aliyewahi kuwaongoza Burton na Speke, alizunguka nusu ya kusini ya ziwa, na Mei 1874 akafika mahali Mto Lukuga unapotoka ziwani.

Iliyovunja rekodi ni Lady Alice. Ilikuwa mashua ya mbao za mwerezi, urefu wa mita 12 hivi, iliyoundwa kando ya Mto Thames kwa vipande vitano. Msafiri Stanley alipofika nayo Zanzibar aligundua kwamba vipande ni vizito na vipana kupita kiasi kwa njia za porini, ambazo upana wake ni mtu mmoja kumfuata mwenzake. Fundi akavigawa upya. Msafara ulitoka Bagamoyo Novemba 17, 1874, na Februari 1875 ukafika Kagehyi, kusini mwa Ziwa Viktoria, ambako vipande viliunganishwa. Ziwa lote likazungukwa kwa siku 57, kwa makasia na tanga, usukani ukiwa mikononi mwa Wadi Safeni. Kisha ikafunguliwa tena, ikabebwa kusini kupita Unyamwezi, ambako Stanley alichanjiana damu na Mtemi Mirambo Aprili 1876. Ilipofika Ujiji ikaunganishwa tena na kulizunguka Ziwa Tanganyika kwa siku 51, halafu ikaenda Kongo. Iliachwa juu ya mwamba karibu na maporomoko ya Isangila, mwishoni mwa Julai 1877.

Mashua hiyo ilipewa jina la Alice Pike, mchumba wa Stanley. Bibi mwenyewe alikwisha kuolewa na mtu mwingine Januari 1876, chombo chake kikiwa bado Afrika. Jina lake limebaki vitabuni, ilhali majina mengi ya waliokibeba hayajulikani. Kwa maoni yangu hiyo ni hesabu mbaya: kabla Lady Alice haijawabeba watu, watu ndio walioibeba yenyewe.

Edward Hore, mmishonari aliyekuwa baharia, alifuata nyayo hizo kwa Morning Star, mashua iliyopelekwa Ujiji kwa vipande juu ya mikokoteni. Mkewe Annie naye alisafirishwa hadi ziwani akiwa ameketi kitini, akaja kuandika kitabu juu ya safari hiyo.

Mabega yalipumzika reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Meli ya Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ilifunguliwa, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000 na kupandishwa garimoshi. Iliteremshwa majini Februari 1915, ikazamishwa na wenyewe mwaka uliofuata, ikaopolewa 1924, na tangu 1927 tunaiita Liemba.

Mtindo wa jahazi kupanda bara haukufa. Lile jahazi la plastiki chakavu na kandambili zilizookotwa, Flipflopi, liliundwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda, likashuka hadi Zanzibar kwa matanga mwaka 2019. Mwaka 2021 liliingia Ziwa Viktoria, likatweka kutoka Kisumu kupitia Uganda hadi Mwanza. Kilomita zote za kati ya pwani na ziwa lilizipita nchi kavu.

Tangu 2006 Tanzania imeiweka njia ya misafara, Kwihara na Ujiji zikiwamo, katika orodha ya kusubiri ya Urithi wa Dunia. Lamu hushindanisha majahazi yake kila mwaka. Basi watu wa utamaduni wa Tabora na Kigoma nao waandae tamasha lao: mashua ya vipande ibebwe walau kutoka Kwihara hadi Tabora mjini, ipakiwe garimoshini, iunganishwe Ujiji na kutweka tanga. Na wapagazi ndio watangulie kwenye maandamano, manahodha wafuate.