Nduthi ya Tu-Stroki Ikitoka Mombasa Inakohoa Vasha: Shida ni Jeti, Si Injini

Wikendi ya Safari Rally ikifika, Vasha inajaa hadi pa kusimama hakuna. Tangu mbio zirudi kwenye ratiba ya dunia 2021, kila mwaka tunakula vumbi la Kedong na kupiga picha na magari yanayopaa. Lakini msee akija na nduthi ya tope, ile ya tu-stroki yenye sauti ya nyuki mwenye hasira, vijana wa Kihoto wanaacha hata chapo wakatazame.

Sasa chukua picha hii. Nduthi imetoka Mombasa kwa pikapu. Huko ilikuwa moto wa kuotea mbali. Hapa Vasha inawaka kwa shida, inatoa moshi kama jiko la makaa, plagi inalowa kila saa, na ukipiga resi inafanya bop-bop-bop badala ya kulia. Mwenyewe ashaanza kusema injini imekufa. Kuna mtu pembeni anamwambia anunue pistoni mpya.

Buda, tulia. Injini haijakufa. Imelewa tu.

Kwanza, heshimu tu-stroki

Kuna watu wanadhani tu-stroki ni injini ya kukata miti na kusaga tu. Rudi nyuma kidogo. Mashindano haya yalianza 1953, na mwaka wa 1956 gari lililoshinda lilikuwa DKW ya Eric Cecil na Tony Vickers: silinda tatu, cc 896, tu-stroki. Mwaka wa 1962 Pat Moss, dadake Stirling Moss, alimaliza wa tatu na Saab 96, tu-stroki pia. Halafu 1964 Erik Carlsson akaleta Saab 96 nambari mbili nyuma ya Ford Cortina ya Peter Hughes. Ndiye yule jamaa anayesifika kwa kukwama kwenye matope, akapindua gari lake juu chini ili alitoe.

Hizo injini zilikimbia kwenye barabara zinazopanda na kushuka kama presha ya mtu anayengoja matokeo ya KCSE. Kwa hivyo swali la kabureta na mwinuko si la jana. Ni la babu zetu.

Mbona inalewa?

Kabureta haina akili. Haina kompyuta, haina senza. Hewa ikipita kwenye koo lake inafyonza petroli kupitia vitobo vidogo vya shaba vinavyoitwa jeti. Kitobo kikubwa, petroli nyingi. Kitobo kidogo, petroli kidogo. Basi.

Shida ni kwamba hewa ya Mombasa si hewa ya Vasha. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na huku presha ya hewa iko chini kwa kama asilimia 20. Hewa inapungua, lakini petroli haipungui kwa kiwango hicho hicho. Kwa hivyo jeti iliyokuwa sawa kule Nyali, hapa inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Injini inalewa: moshi, plagi nyeusi yenye unyevu, resi nzito.

Ukipanda Kinangop, zaidi ya mita 2,400, inalewa zaidi.

Na usidanganywe: hata ukiweka jeti sawasawa, nguvu zote za Mombasa hazirudi. Hewa iliyopotea imepotea. Jeti inarudisha usafi wa mlio, haileti hewa mpya.

Kulewa kunachafua, kiu inaua

Hapa ndipo watu wanachomekea. Injini iliyolewa inakukera tu. Unasafisha plagi, unaendelea na maisha. Injini yenye kiu, yaani hewa nyingi petroli kidogo, ndiyo inayokuliza.

Kwenye tu-stroki ya kuchanganya, oili haina njia yake. Inasafiri ndani ya petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, na moto ndani ya silinda umepanda. Pistoni inavimba, inakwaruza ukuta, inashika. Ukiwa kwenye spidi, gurudumu la nyuma linafunga bila kukuuliza.

Kwa hivyo nduthi ya Mombasa ikija Vasha, inalewa, hakuna kilio. Lakini nduthi iliyopangwa Vasha, ikapewa jeti ndogo, kisha ikashushwa Diani kupiga mchanga wa pwani? Hapo imepata hewa zaidi kwa kama robo nzima, na jeti bado ni ile ndogo. Hiyo ndiyo inayoshika pistoni. Kupanda kunakera, kushuka kunaua. Andika hiyo mahali.

Kabureta ya saizi gani?

Kabla ya jeti, kuna koo lenyewe. Nduthi za tope za mashindano za cc 125 na 250 nyingi zinabeba kabureta ya mm 36 hadi 38. Yamaha YZ125 ilijulikana na Mikuni TMX ya mm 38, YZ250 na Keihin PWK ya mm 38. Lakini DT125 ya kawaida ya shambani inatumia koo la chini ya mm 30.

Sasa kuna kijana atapata kabureta ya mm 38 kwenye spea za mtumba, aifunge kwa DT yake akitarajia maajabu. Maajabu atayapata, ila si yale. Koo pana linafanya hewa ipite polepole kwenye resi ya chini, na hewa ya polepole haifyonzi petroli vizuri. Nduthi itakuwa legevu kwenye matope na kona, mahali unapoihitaji zaidi. Koo pana ni la mtu anayeishi kwenye resi ya juu. Kama wewe ni wa njia za mbuzi, mawe na mchanga, koo la kiwandani ndilo rafiki yako.

Kila jeti ina mtaa wake

Usifungue kila kitu mara moja. Resi imegawanywa hivi:

Kuanzia mlio wa kusimama hadi robo ya resi, mwenye mtaa ni jeti ndogo na skrubu ya hewa. Kwenye tu-stroki nyingi skrubu hii iko upande wa filta. Ukiifungua unaongeza hewa, ukiikaza unapunguza. Tafuta pale injini inapolia kwa kasi zaidi na safi zaidi. Kama ni kati ya mzunguko 1 na 2 na nusu kutoka kukazwa kabisa, uko poa. Kama inataka zaidi ya hapo, jeti ndogo yako ni kubwa mno, shuka namba. Kama inataka chini ya mzunguko mmoja, panda namba.

Robo hadi robo tatu ni mtaa wa sindano. Ina klipu na mitaro. Klipu ikipanda juu, sindano inashuka, petroli inapungua. Klipu ikishuka, petroli inaongezeka. Watu wengi wanaishi kwenye mtaa huu bila kujua, kwa sababu porini ni nadra kushikilia resi yote.

Robo tatu hadi mwisho ni mtaa wa jeti kubwa. Huyu ndiye anayeamua kama pistoni itaona kesho.

Hesabu ya Vasha

Tuseme nduthi ilikuwa na jeti kubwa namba 170 huko pwani. Kama namba hiyo inapima upana wa kitobo, anza kwa kushuka kama asilimia 5: 168, 165, hadi karibu 162. Kuna kampuni ambazo namba yao inapima mtiririko wa petroli, si upana. Hizo unashuka karibu asilimia 10. Ndiyo maana usichanganye jeti za kampuni mbili ukidhani 160 ni 160 kila mahali.

Shuka namba moja moja, ukijaribu kila mara. Na tafadhali, usimruhusu mtu apanue jeti kwa waya au aizibe kwa risasi ya kuchomelea. Kitobo hicho kinapimwa kwa mia za milimita. Waya wa baiskeli hauna hesabu hiyo.

Soma plagi

Weka plagi mpya. Tafuta mahali wazi pasipo na watu, mifugo wala magari. Shikilia resi yote kwenye gia ya juu kwa muda mfupi, kisha zima injini na ushike klachi kwa wakati mmoja. Usiiache irudi kwenye mlio wa kusimama, itakudanganya. Fungua plagi uangalie kauri ndani kabisa, karibu na shina.

Rangi ya chai ya maziwa: fiti. Nyeusi na unyevu: imelewa, shuka namba. Nyeupe kama chokaa: ina kiu. Simama hapo hapo. Usirudi nyumbani ukiendesha, panda namba kwanza.

Dalili zingine za kiu: mlio wa kusimama unaochelewa kushuka ukiachilia resi, mlio kama kokoto ndani ya debe, na injini kukata ukivuta resi ghafla.

Kabla ya kulaumu jeti

Jeti hulaumiwa kwa makosa ya wenzake. Filta iliyojaa lile vumbi laini la Kedong inafanya injini ilewe. Ukipanga jeti ukiwa na filta chafu, siku utakayoiosha nduthi itakuwa na kiu. Filta iliyopasuka inaingiza vumbi, na vumbi hapo ni msasa. Sili ya krenki ikivuja au raba ya kabureta ikipasuka, hewa ya wizi inaingia na hakuna jeti itakayokuokoa.

Halafu oili. Kuna imani mtaani kwamba ukiongeza oili unaongeza "uzito" wa mafuta, hivyo injini iko salama. Kwa ulainishaji, sawa. Lakini ndani ya lita moja, kila tone la oili limechukua nafasi ya petroli, kwa hivyo unaisukuma injini kwenye kiu kidogo. Chagua kipimo cha kitabu cha injini yako ukae nacho: 1 kwa 40 ni mililita 25 kwa lita, 1 kwa 32 ni kama 31. Pima kwa chupa yenye alama, si kwa kifuniko na macho.

Na ukishuka Mai Mahiu, kumbuka Saab. Gari lile lilikuwa na mfumo wa kuachilia magurudumu yazunguke bila kuburuta injini. Sababu? Ukishuka mlima na resi imefungwa, injini inazunguka kwa kasi lakini inapata petroli kidogo, na oili kidogo. Nduthi yako haina mfumo huo. Shika klachi na uipe resi fupi fupi njiani, na breki ziwe safi.

Mbona Kihoto inafaa kujali

Kihoto si mtaa wa mbio tu. Ziwa limeingia mtaani mwaka wa 2020, likarudi tena 2025, watu wakahama na wengine kutolewa kwa boti kutoka milangoni mwao. Na kwenye Ziwa Naivasha bado utapata injini za boti za tu-stroki. Kabureta zake hazina sindano kama ya nduthi, lakini jeti zipo, na sheria ya hewa ni ile ile.

Ukinunua injini ya mtumba kutoka pwani, ikifika hapa itanywa petroli, italowesha plagi na haitafika resi yake ya juu ukiwa na mzigo. Shusha jeti, na pengine panga pia panga la maji lenye mkato mdogo. Uzuri wa boti ni kwamba ziwa halipandi mlima: ukipanga mara moja vizuri, umemaliza. Ila ukiiuza kurudi Mombasa, mwambie mnunuzi jeti imebadilishwa. Ukinyamaza umemuuzia injini ya kushika.

Nduthi ikizima porini unasukuma, marafiki wanacheka, mnapiga picha. Boti ikizima katikati ya maji ikiwa na mama, watoto na godoro, na viboko wako karibu, hakuna anayecheka. Plagi moja iliyolowa inatosha kuleta hayo.

Kwa hivyo kabla ya kununua pistoni, uliza maswali mawili: hii injini ilipangwa wapi, na sasa inaenda wapi? Ikipanda, punguza jeti. Ikishuka, rudisha ile kubwa kabla hujafunga pikapu. Weka jeti ya zamani kwenye karatasi, andika namba na mji, utie kwenye boksi la spana. Siku ya kwenda Diani utajishukuru.