Bia Ile Ile Kila Jumamosi: Mapenzi au Uoga?

Mcheki jamaa anapoingia baa pale Isevya au Ng'ambo, Tabora mjini. Hata kiti hajavuta, mhudumu keshamletea Safari, tena ya moto, maana anamjua. Mwambie "leo jaribu Balimi" uone atakavyokutazama. Utadhani umemwambia abadili dini.

Msicheke, wasomaji wangu. Wazee wetu wa miaka ya themanini hawakuwa na cha kuchagua. Kiwanda cha bia kilikuwa mikononi mwa serikali tangu 1967, na bia yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Mambo yaligeuka 1993, Wasauzi walipoingia ubia na TBL. Mwaka 1996 ikazaliwa Kilimanjaro, na Serengeti nayo ikaingia ulingoni. Aliyezoea kuikosa, akishaipata yake haiachi ng'o!

Halafu kuna suala la mshiko. Uingereza wana bia za pipa zinazoendelea kuchachuka humo humo baani, na mwaka 1971 wanywaji waliunda chama cha kuzitetea, CAMRA. Kule mteja anaweza kuomba tone la kuonja kabla hajalipa. Hapa kwetu chupa ikishafunguliwa ni yako, nusu lita nzima, uipende usiipende. Kijana mwenye hela ya chupa mbili tu akibahatisha moja, ameshacheza kamari na nusu ya Jumamosi yake.

Sasa wanaodhani bia hai ni ya Wazungu peke yao, waje Unyamwezini. Tuna wanzuki, pombe ya asali. Asali inachanganywa na maji, inaachwa ichachuke, basi. Haina lebo wala kiwanda, na haitulii: asubuhi tamu, jioni inakukamata magoti. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakibeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo walipita vijiji vingi, na kila kijiji pombe yake. Burton na Speke walipofika Tabora mwaka 1857 waliikuta njia hiyo imeshakanyagwa sana.

Wanzuki ya mama huyu ni laini, ya jirani yake kali, na ya wiki hii si ya wiki iliyopita. Ungetegemea wanywaji wazunguke kila nyumba. Wapi! Kila mmoja ana mama yake, na hapo mimi nawaunga mkono kabisa. Kinywaji kisicho na lebo unakinywa kwa kumwamini aliyekipika. Ukianza kuhamahama, siku moja utajikuta kwenye kona umepewa gongo, ambayo sheria imeikataza, na ikiingia sumu inapofusha macho au inaua. Kwa hiyo kwenye kikombe, ganda kwa unayemjua.

Kwenye chupa sioni sababu ya woga. Zote zimetoka kiwandani, lebo ipo, tofauti ni ladha na bei tu. Mwenye kudai ulimi wake hauvumilii Balimi mara nyingi hajawahi hata kuionja, anasimuliwa tu na washkaji.

Kama tatizo ni pesa, dawa ipo. Nendeni watatu, agizeni chupa tatu tofauti na glasi tisa, mgawane. Kila mtu kalipa chupa moja, kaonja tatu. Mhudumu atanung'unika kwa kuosha glasi zote hizo. Mwachieni chenji.