Watoto Waujue Mlima Wao

Mtoto wa Moshi huuona Mlima Kilimanjaro kila mawingu yanapofunguka. Hata hivyo, wengi wa watoto wetu wa mjini hawajapata kuzikanyaga njia za mlima huo. Siku ya mapumziko huwakuta mbele ya televisheni, au wakiwangoja wazazi vilabuni, wamepewa soda ili watulie. Hili si jambo la kujivunia.

Hatusemi kila mzazi ampandishe mwanawe hadi kileleni, kwenye mita 5,895. Matembezi ya nusu siku yanatosha. Msitu wa Rau umo ndani ya manispaa, na mbega wake huonekana mitini. Huko juu, Materuni, yapo maporomoko ya maji, na njia yake hupita katikati ya migomba na mibuni. Mtoto aonyeshwe mifereji iliyochimbwa na wazee wetu, aelezwe jinsi maji yalivyogawanywa kwa zamu. Aambiwe pia kwamba mwaka 2016 watafiti walitangaza kuupata katika mlima huu mti mrefu kuliko yote inayojulikana Afrika, wenye mita 81.5.

Wageni huvuka bahari kuja kuyaona haya. Sisi tunakaa miguuni pa mlima. Tunawasihi wazazi watenge walau Jumapili moja kwa mwezi. Asiyeujua msitu hatauonea uchungu unapokatwa. Na watakaoulinda mlima huu kesho ni watoto hao hao.