Mbona programu yangu haiamki umeme ukirudi?

Umeshawahi kuwasha programu kwenye seva, ukaiona inafanya kazi vizuri, halafu umeme ukakatika na uliporudi ukakuta imelala tu? Mimi yamenikuta. Programu yangu ya kurekodi joto la maabara ilikaa siku mbili bila kuandika kitu, na kompyuta yenyewe inawaka kama kawaida. Vipimo vya siku mbili ndiyo vimekwenda hivyo.

Kosa lilikuwa langu. Nilisahau kiungo kimoja.

Kwenye Linux nyingi za leo (Fedora tangu 2011, Debian na Ubuntu tangu 2015) kazi ya kuamsha programu nyingine inafanywa na systemd. Kila huduma ina faili lake la maelezo: iendeshe amri gani, imsubiri nani. Mafaili yanayokuja na mfumo hukaa /usr/lib/systemd/system, ya kwako unayaweka /etc/systemd/system.

Sasa inajuaje ipi iamshwe mashine ikiwaka? Nilidhani kuna orodha imeandikwa mahali. Hakuna. Kuna folda, mfano multi-user.target.wants, na ndani yake viungo tu. Kiungo ni faili dogo linalobeba anwani ya faili jingine, kama kibao cha njia panda. Kibao kikiwepo, huduma inaamshwa.

Kwa hiyo systemctl start inawasha huduma sasa hivi, basi. Anayechomeka kibao ni enable, na folda ya kukichomeka anaisoma kwenye mstari wa WantedBy ndani ya faili lako. Disable anaking'oa, ila huduma inayoendelea haizimi. Mimi nilitoa start peke yake! Ukitaka vyote kwa mpigo, andika enable --now.

Ninayoipenda zaidi ni mask. Inaweka ndani ya /etc kiungo chenye jina la huduma, kikielekea /dev/null, yaani shimo tupu. Kwa kuwa /etc ina nguvu kuliko /usr/lib, systemd inakuta shimo badala ya maelezo, na huduma haiwashiki hata kwa mkono. Ndiyo maana pia usihariri mafaili ya /usr/lib: sasisho likija linayafuta mabadiliko yako. Tumia systemctl edit, itayaweka /etc.

Leo kabla hujafunga maabara, andika systemctl is-enabled na jina la huduma yako. Mimi nilijibiwa disabled.