Chupa Zilizoachwa Kabatini: Shauri la Kichungaji Juu ya Vileo vya Urithi

Katika huduma ya uchungaji huja maswali ambayo hayamo katika vitabu vya mafundisho tunavyosoma chuoni. Mojawapo ni hili. Mzee wa usharika amefariki, matanga yamekwisha kuanuliwa, na ndugu wameketi kugawana mali. Kabati linapofunguliwa, zinaonekana chupa za pombe kali na za divai ambazo hazijafunguliwa, nyingine zikiwa na umri wa miaka 20 au 30. Mjane anataka zitoke nyumbani mwake. Mkwe asema zina thamani kubwa. Kifungua mimba, ambaye ameacha ulevi kwa shida nyingi, ameketi kimya. Ndipo swali huletwa: "Baba Mchungaji, tufanyeje?"

Kwanza kabisa, tulilinde jina la marehemu. Chupa isiyofunguliwa si ushahidi wa ulevi. Wengi hupewa chupa kuwa zawadi ya kustaafu, au huletewa na wageni kutoka ng'ambo, nao huziweka kwa kumheshimu mtoaji. Mnong'ono ukianza kikaoni, mchungaji na aukomeshe mapema. Mtu aliyekaa na chupa miaka 30 bila kuivunja lakiri ameonyesha kwamba hakuwa mtumwa wake.

Pili, tukumbuke kwamba chupa hizo ni mali ya mirathi. Hapa Tanzania, msimamizi wa mirathi anayeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ya marehemu ndani ya miezi 4. Kwa hiyo mjane peke yake, au mchungaji kwa bidii yake ya dini, hana ruhusa ya kumwaga mali ambayo bado ni ya warithi wote. Tena biashara ya vileo huhitaji leseni, kama ilivyoagizwa na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Warithi wakitaka kuuza, wampelekee mfanyabiashara mwenye leseni. Wasitembeze chupa mitaani.

Tatu, yafaa kujua kilichomo. Pombe iliyokenekwa, kama wiski na brandi, haivundi ndani ya chupa iliyofungwa vema, lakini pia haizidi kukomaa. Wiski hukomaa katika pipa la mti tu; iliyotiwa chupani ikiwa na miaka 12 hubaki kuwa ya miaka 12, hata ikikaa kabatini miaka 30. Divai nyingi hutengenezwa ili zinywewe ndani ya miaka michache. Kizibo kikikauka, hewa huingia na divai huchacha kama siki. Vinywaji vilivyochanganywa na krimu huharibika upesi zaidi. Basi uzee wa chupa pekee si thamani. Wako wakusanyaji wanaolipa fedha nyingi kwa chupa chache adimu, ila hao hutazama lakiri, karatasi ya jina, na kimo cha kinywaji shingoni mwa chupa.

Chupa isiyo na jina wala lakiri ya kiwandani asipewe mtu yeyote. Pombe ya magendo huweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua, wala haitambulikani kwa kuonja. Mwezi Mei 2014 watu wengi walikufa nchini Kenya kwa pombe ya namna hiyo. Wala tusidhani kwamba wiski itafaa kutakasa mikono katika zahanati: dawa ya mikono huhitaji kileo cha asilimia 60 au zaidi, na pombe kali za kawaida zina karibu asilimia 40.

Sasa tuje kwenye neno la imani. Martin Luther aliporudi Wittenberg mwezi Machi 1522, alikuta watu wakifanya matengenezo kwa nguvu. Katika mahubiri manane aliyoyaanza Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, alifundisha kwamba kitu kutumiwa vibaya si sababu ya kukiangamiza, na divai ilikuwa miongoni mwa mifano yake. Lakini katika mahubiri hayo hayo alisisitiza upendo unaomvumilia aliye dhaifu. Mambo haya mawili yaende pamoja. Chupa si najisi, nasi tu huru. Lakini Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 8 na Warumi 14, aufunga uhuru wetu kwa dhamiri ya ndugu. Naye Habakuki 2:15 amwonya anayemnywesha jirani yake.

Tukiyapima kwa kipimo hicho, njia kadhaa hujionyesha. Kuuza kwa halali ili kulipa madeni ya marehemu au karo ya yatima si dhambi. Divai ya zabibu ambayo ni nzima huweza kutolewa kwa ajili ya Chakula cha Bwana, mradi ifunguliwe na kuonjwa kabla ya ibada. Pombe kali haina nafasi mezani pale. Mnada wa baada ya ibada, tunaponadi ndizi, mayai na kuku, haufai kwa chupa hizi, kwa maana kanisa lingekuwa linashindanisha washarika kununua kileo. Kumwaga pia ni halali, warithi wote wakikubali, mbali na moto.

Lakini kabla ya yote hayo, mchungaji amtazame yule aliyeketi kimya. Asimwite kushuhudia mbele ya ukoo, wala asimtume kubeba chupa au kuzimwaga, kwani hata harufu huweza kumrudisha alikotoka. Amwendee faraghani na kumwuliza anachoweza kukistahimili. Kisha msimamizi azihesabu chupa mbele ya ndugu, aziandike, na kuzihamishia siku ile ile kwa mtu mwaminifu asiye na tatizo hilo. Mashauri ya bei yaweza kungoja mwezi mzima. Huyu ndugu asiachwe alale hata usiku mmoja karibu na kabati lile.